Historia ya vyama vya wafanyakazi isomwe kwenye daftari la ada

Ndugu Mhariri,

Kila Mei Mosi magazeti yetu, lenu likiwamo, hutuletea historia ileile ya vyama vya wafanyakazi: makuli waligoma, mkoloni akatikisika, viongozi wakafungwa, uhuru ukaja. Si uongo. Ila msomaji akifunga gazeti bado hajui ni kwa nini shirikisho lililozaliwa katika mgomo wa watu wapatao 15,000 lilipoteza nguvu kabla mwaka haujaisha. Hajui pia ni kwa nini leo mtu mwenye kadi ya chama mfukoni anaweza kukaa miaka mitano asimwone kiongozi wake hata mara moja. Majibu ya yote mawili yako mahali pamoja, na si mahali pa kupigia picha. Yako kwenye ada: nani anailipa, nani anaikusanya, inapita mikononi mwa nani kwanza, na kiasi gani kinabaki tawini.

Tuanzie Mombasa. Tarehe 13 Januari 1947 bandari ilisimama, na pamoja nayo reli, mahoteli, hata wapishi na madobi wa majumbani. Mgomo ulikaribia wiki mbili. Bandarini palikuwa na nguvu ambayo sehemu nyingine za kazi hazikuwa nayo, na sababu yake ni kibarua cha kutwa. Kuli aliyeitwa asubuhi na kulipwa jioni hakuwa na mshahara wa mwezi wa kupoteza. Mwenye meli, kwa upande wake, alihesabu hasara ya kila siku ambayo chombo chake kilikaa bila kupakuliwa. Mmoja alikuwa na kidogo cha kupoteza na mwenzake kingi, na wote wawili walilijua hilo. Kwa sababu hiyo, miaka minane kabla, mwaka 1939, vibarua wa mji huohuo waliweza kugoma bila chama chochote nyuma yao.

Lakini kibarua hicho hicho kilichompa kuli nguvu ndicho kilichokiua chama chake. Leo yuko na kampuni hii ya upakuzi, kesho na ile, keshokutwa amerudi shambani kwake mvua zimeanza. Jina lake halimo kwenye orodha ya mtu yeyote. Mwisho wa mwezi utamdai wapi ada mtu asiye na mwisho wa mwezi? African Workers' Federation, shirikisho lililozaliwa ndani ya mgomo ule, lilikuwa na mkutano wa hadhara kila siku kwenye uwanja ambao watu wenyewe waliubatiza Kiwanja cha Maskini. Mkutano ni mahali pazuri pa kupitisha kofia. Ila kofia hujaa watu wakiwapo, na watu walirudi kazini baada ya Eliud Mathu, mjumbe wa kwanza Mwafrika katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, kuwashawishi. Baraza la usuluhishi la Jaji Thacker likapandisha mishahara. Mwezi Agosti kiongozi wao, Chege Kibachia, akakamatwa na kuhamishiwa Kabarnet, Baringo, akakaa huko takriban miaka kumi. Shirikisho halikuwa limesajiliwa, na kilicholishikilia kilikuwa kauli ya viongozi na uwanja uliojaa. Kauli ikanyamazishwa, uwanja ukabaki mtupu.

Hapa nitasema jambo ambalo wengine halitawapendeza. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilimleta Kenya James Patrick, Mskoti aliyetoka kwenye vyama vya wafanyakazi vya kwao, awe mshauri. Alisukuma vyama vidogo, kila sekta na chake, mbali na siasa, na nia ya waliomtuma tunaijua: shirikisho kama la Mombasa lisionekane tena. Wanaomlaumu wana haki yao. Hata hivyo alifahamu kitu ambacho Kiwanja cha Maskini hakikuwa na muda wa kujifunza, kwamba chama ni daftari kabla hakijawa sauti. Orodha ya majina, kitabu cha stakabadhi, mweka hazina anayebadilishwa kwa kura, na mtu wa pili anayejua fedha ziko wapi siku wa kwanza akikamatwa.

Ushahidi kwamba hili halikuhitaji Mskoti ulikuwapo Nairobi tayari. Labour Trade Union of Kenya ya Makhan Singh, iliyofungua milango kwa wafanyakazi wa rangi zote tangu 1935, iliendesha mgomo wa siku 62 mwaka 1937 na kupata nyongeza ya asilimia 15 hadi 22. Wengi wa wagomaji walikuwa mafundi wa Kiasia: wenye ujuzi usiopatikana kirahisi, wanaojulikana kwa majina, wanaolipwa kwa utaratibu. Chama kilikuwa na wanachama walioandikwa na vipeperushi vilivyochapwa kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Siku 62 ni nyingi. Hakuna anayezivuka kwa hotuba.

Maana mgomo unakula fedha, na hesabu yake haijabadilika tangu makuli wa London mwaka 1889. Wao walidai peni sita za Kiingereza kwa saa, wakagoma kwa takriban wiki tano, na walikuwa ukingoni mwa njaa pauni 30,000 zilipoanza kuwasili kutoka kwa wafanyakazi wa Australia. Bila fedha zile wangerudi kazini kwa malipo ya zamani, na leo tusingekuwa tunawataja.

Dar es Salaam ilichukua njia nyingine. Mgomo wa makuli wa Septemba 1947 ulisafiri na reli kuingia bara, na baada yake kikasajiliwa chama cha makuli, Abdulwahid Sykes akiwa katibu wake. Hiki kilikuwa na daftari. Lakini mapema mwaka 1950 ulitokea ugomvi juu ya utaratibu mpya wa kuwaita vibarua kazini, mgomo ukageuka mapambano na polisi, na chama kikavunjwa mwaka huohuo. Daftari, kumbe, ni upanga ukatao kuwili. Chama kisichosajiliwa hakina cha kutaifishwa, ila hakidumu. Kilichosajiliwa hudumu, lakini msajili anajua mlango wa kubisha.

Wale walioanzisha Tanganyika Federation of Labour mwezi Oktoba 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu, waliyaona yote hayo. Kadhalika Dockworkers' Union ya Mombasa iliyojijenga baada ya mgomo wa Machi 1955, ambao Tom Mboya aliusimamia mazungumzo yake. Ada ya miaka ile ilikusanywa kwa mkono. Mkusanyaji alisimama karibu na dirisha la malipo siku ya mshahara, kitabu cha stakabadhi mkononi, akimwita mmoja mmoja. Kazi ya kuchosha, na upotevu haukosekani: stakabadhi zinazopotea, wakusanyaji wanaokopa kidogo wakisema watarudisha, wanachama wanaopitia mlango wa nyuma siku hiyo. Pamoja na yote hayo, njia hii ilikuwa na faida moja ambayo hatujaipata tena. Kila shilingi ilikuja na malalamiko yake. Mtu hakutoi ada bila kukuuliza yule msimamizi mkali mmemfanya nini. Asiporidhika, mwezi ujao hatoi. Ada ya mkononi ilikuwa kura ya kila mwezi, na kiongozi aliyepuuzwa na wanachama aliliona hilo kwenye sanduku kabla ya kuliona kwenye mkutano mkuu.

Kura hiyo iliondolewa baada ya uhuru. Tanganyika ilianza na sheria za 1962 zilizofanya mgomo halali kuwa jambo gumu sana. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walikamatwa, TFL ikavunjwa, na sheria ikaunda NUTA, chama kimoja cha nchi nzima. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Ada ikawa inakatwa kwenye mshahara. Kenya ilifuata mwaka 1965 kwa kuunda COTU, shirikisho kuu la vyama vya nchi hiyo, na huko pia makato ya mishahara yakawa mshipa wa fedha.

Nisiwe mdhalimu wa historia. Mwaka huohuo wa 1964 Tanganyika ilipata Sheria ya Usalama wa Ajira, iliyombana mwajiri asimfukuze mtu apendavyo na kuweka kamati za wafanyakazi mahali pa kazi. Watu waliolindwa nayo ni wengi. Makato nayo yaliondoa wizi mdogo mdogo wa wakusanyaji na kukipa chama fedha za uhakika. Kilichopotea ni ule mkono unaokataa kutoa. Fedha ziliingia wanachama wawe wamefurahi au wamekasirika, kwa hiyo hasira yao ikatafuta njia nyingine. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipokemea viongozi wenye kiburi, wafanyakazi waliunukuu mbele ya mameneja wao na kuacha kazi kiwanda baada ya kiwanda, bila chama chao kuongoza. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikichukua kiwanda wenyewe, na wakatimuliwa. Chama chenye fedha zote zile kilikuwa pembeni kinatazama.

NUTA ikawa JUWATA, JUWATA ikawa OTTU mwaka 1991, kisha TFTU mwaka 1995. Majina hayo tunayarukia upesi kwa sababu mshipa wa fedha ulikuwa uleule. Mabadiliko ya kweli yalikuja na Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 1998, iliyoanza kutumika 2000, halafu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kuanzia hapo vyama vingi vinaruhusiwa, wafanyakazi 20 wanatosha kuanzisha kimoja, na ada haikatwi bila saini ya mwenye mshahara.

Saini hiyo ndiyo kura iliyorudishwa, na wengi hawaijui. Tanzania Bara mfanyakazi anajaza fomu namba TUF 6. Mwajiri akishaipokea anakata, na anatakiwa kuzifikisha fedha kwa chama ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Akichelewa bila sababu ya msingi anadaiwa nyongeza ya asilimia tano ya deni kwa kila siku. Mwanachama akitaka kujitoa, anaandika notisi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama, basi. Kenya, chini ya sheria yake ya mahusiano ya kazi ya 2007, fomu inaitwa S, na mwajiri ana siku 30 tangu aipokee kuanza kukata.

Kwenye karatasi ni rahisi. Kazini mambo huharibika kwa namna zinazojirudia. Fomu zinakusanywa siku ya hamasa, zinapelekwa ofisi ya utumishi kwa mkono bila nakala kugongwa muhuri wa kupokelewa, na miezi mitatu baadaye hakuna anayezikumbuka. Dawa yake ni kupeleka nakala mbili, moja irudi tawini ikiwa na tarehe, saini na muhuri, maana bila tarehe ya kupokelewa huwezi kuhesabu ucheleweshaji wowote. Kosa lingine ni jina la fomu kutofanana na la orodha ya mishahara, mtu kaandika la nyumbani, kazini anajulikana kwa la cheti. Lipo pia la mtu aliyesaini vyama viwili kwa sababu wa pili alikuja na fulana. Na kubwa kuliko yote ni la mikataba mifupi: mkataba wa miezi sita ukiisha na kuanza upya, ofisi inamwingiza mtu kwenye mfumo kama mwajiriwa mpya, na idhini ya makato inabaki kwenye jalada la zamani. Mwenyewe anadhani bado ni mwanachama. Hajatazama hati yake ya mshahara.

Tawi linaloendeshwa vizuri huweka karatasi tatu mezani kila mwezi: daftari lake la wanachama, orodha ya makato kutoka kwa mwajiri, na taarifa ya benki. Daftari likiwa na watu 130 na orodha ya makato 116, kuna majina 14 ya kufuatilia wiki hiyo, si mwaka ujao. Orodha ya makato ikiwa na fedha nyingi kuliko zilizoingia benki, mtu wa kuulizwa anajulikana. Ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili, na katibu asiifanye peke yake.

Kwa nini watu 14 ni jambo kubwa? Chukua kitengo cha wafanyakazi 240. Ili chama kitambuliwe kuwa mwakilishi pekee wa kujadiliana na mwajiri kinahitaji zaidi ya nusu, yaani 121. Chenye 130 kwenye daftari kinaandika notisi kikijiamini, mwajiri analeta orodha yake, wanaohesabika ni 116, na kila kitu kinarudi mwanzo. Kikifanikiwa, mwajiri ana siku 30 za kukutana nacho. Wasipoelewana, suala linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Hapo tu ndipo mazungumzo ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri juu ya mishahara na masharti ya kazi, yanaanza kuwa na meno.

Uwakilishi nao sheria imeuwekea idadi ambayo matawi mengi hayaitimizi: wanachama mmoja hadi tisa, mwakilishi mmoja; 10 hadi 20, watatu; 21 hadi 100, kumi; zaidi ya 100, kumi na watano, na hapo watano angalau wawakilishe wanawake iwapo wapo. Sehemu nyingi utakuta katibu na mwenyekiti tu. Halafu tunashangaa kwamba mwajiri akiwapandisha cheo wawili hao, tawi linalala.

Sasa mgomo. Njia halali ya mgogoro wa maslahi, ule wa kudai nyongeza au masharti mapya, ni ndefu: upelekwe CMA kwa usuluhishi, siku 30 zipite bila kupatana, kura ipigwe kwa mujibu wa katiba ya chama na wengi wa waliopiga waunge mkono, kisha notisi ya saa 48. Mshahara wa siku za mgomo haulipwi. Ndipo swali la makuli wa London linaporudi: watu watakula nini? Tufanye mfano. Tawi la watu 400, mshahara shilingi 300,000, ada asilimia mbili. Kila mmoja anakatwa 6,000, jumla 2,400,000 kwa mwezi. Tuseme asilimia 30 inabaki tawini: 720,000. Ukitaka kumpa kila mgomaji 5,000 tu za kununua unga, unahitaji 2,000,000 kwa siku. Fungu zima la tawi la karibu miezi mitatu linaisha siku moja. Mgomo wa siku kumi unataka akiba ya miezi 28, bila kugusa hata senti ya nauli, karatasi au kofia za Mei Mosi. Mwajiri naye anajua kujumlisha. Anapokuwa mtulivu mezani, mara nyingi ni kwa sababu ameshaipiga hesabu hii, na viongozi wetu hawajaipiga.

Kwa hiyo mgawanyo wa ada kati ya makao makuu na tawi si habari ya ndani ya chama. Ni nguvu ya mezani. Ukitaka kujua chama kimekusudia kugombana na nani, tazama kinaweka fedha wapi. Mfuko wa mgomo ukiwa haupo kabisa kwenye bajeti, kauli za jukwaani zipunguzie uzito.

Kuna na ada ya uwakala. Chama kilichotambuliwa kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama katika kitengo hicho nao wachangie, kwa kuwa mkataba wa hali bora unawafaidisha wote. Ni haki, lakini sheria imeiwekea mipaka: isizidi ada ya mwanachama, isimlazimishe mtu kujiunga, ikae akaunti yake tofauti, na itumike kwa maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi wa mahali hapo, si kuchangia chama cha siasa. Manung'uniko mengi ya “nakatwa na sikujiunga” hutokana na chama kutowaeleza watu hili na kutowaonyesha akaunti hiyo. Wasio wanachama wana haki ya kuuliza swali hilo kwa sauti.

Mwisho niseme juu ya wakala wa ajira, maana hapa tumerudi kwenye lango la bandari la 1947. Mlinzi, mfagiaji au mpakiaji aliyeletwa na wakala anafanya kazi kwenye jengo lilelile, lakini mwajiri wake kisheria ni wakala. Hahesabiwi kwenye ile 240, na mkataba wa hali bora uliosainiwa na mwenye jengo haumgusi. Wakala akikosa zabuni, kundi zima linahama na fomu zao zinakufa. Tofauti na kuli wa zamani, huyu hana hata ile nguvu ya meli kusubiri, maana mwenye jengo hubadilisha wakala kwa barua moja. Chama kinachotaka kumwandikisha kinapaswa kumfuata kwa wakala wake, kuhesabu wingi wa wafanyakazi wa wakala huyo katika vituo vyote anavyosambaza watu, na kutunza daftari lisilofuata jengo bali mtu: jina, simu, kituo cha sasa, tarehe ya mkataba kwisha. Ni kazi ngumu yenye ada ndogo, na ndiyo maana vyama vingi huiacha vikabaki kugombea wanachama wa ofisi ambao makato yao yanaingia bila jasho.

Ombi letu kwa gazeti, Ndugu Mhariri, ni dogo. Mei Mosi ijayo picha za maandamano mziweke kama kawaida. Ila mpelekeni mwandishi mmoja kwenye matawi matatu au manne ya sekta tofauti, aombe kuziona zile karatasi tatu, kisha aandike alionyeshwa zipi na alinyimwa zipi.

Wenu katika mshikamano,
Wasomaji wa gazeti lenu